Shilingi Tano za Pampu Ijayo: Hotuba kwa Kamati za Maji za Vijiji

Hotuba hii ilitolewa kwa wajumbe wa vyombo vya watumiaji maji vya vijiji, yaani kamati zinazoendesha miradi ya maji kwa niaba ya wananchi, katika mkutano uliofanyika wakati wa Wiki ya Maji. Inawekwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.

Ndugu Mwenyekiti wa mkutano, Maafisa Watendaji wa Kata na wa Vijiji, wenyeviti wa vijiji, wajumbe wa vyombo vya watumiaji maji, mafundi, wahasibu, wahudumu wa vilula, yaani vituo vya kuchotea maji, na ninyi akina mama na akina baba mlioacha shughuli zenu kuja hapa, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kuuendesha mradi wa maji unaomilikiwa na wananchi wenyewe. Kwa kuwa kazi yangu ya maisha imekuwa ufundi wa maji vijijini, huenda mlitarajia niwaeleze habari za pampu, valvu na mabomba. Nitazigusa. Lakini sehemu kubwa ya maneno yangu itahusu fedha na daftari, kwa sababu nimeshuhudia mitambo mizuri ikinyamaza ilhali fundi yupo, vipuri vipo dukani mjini, na maji yapo chini ya ardhi. Kilichokosekana kilikuwa fedha ya kununulia kipuri, na nyuma ya fedha hiyo kulikosekana watu waliokuwa wakijua, mwezi hadi mwezi, maji kiasi gani yametoka, yamelipiwa kiasi gani, na kiasi gani kimewekwa kando kwa ajili ya mtambo utakaofuata.

Wazee waliomo humu wanakumbuka tulikotoka. Mwaka 1971, miaka minne baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji ndani ya mita 400 kutoka anapoishi, ifikapo mwaka 1991. Ulikuwa mpango wa heshima kubwa, na mimi sitakubali asimame mtu hapa aubeze. Maji yalitolewa bure. Serikali ndiyo iliyochimba, ndiyo iliyonunua dizeli, ndiyo iliyomlipa mwendesha mashine. Nchi rafiki zikaja kusaidia mikoa mbalimbali: Ufini ikaenda Mtwara na Lindi, Denmaki ikaenda Iringa, Mbeya na Ruvuma, na baadaye Uswidi ikaenda mikoa ya Ziwa Viktoria. Visima vikachimbwa, matenki yakajengwa, watu wakapiga vigelegele.

Kisha nini kilitokea? Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979, vita vya Kagera vikala hazina ya nchi, fedha za kigeni zikawa adimu, na mashine ya kijijini iliyokuwa ikingojea dizeli kutoka mkoani ikaanza kungojea wiki, kisha miezi, kisha ikaota kutu. Ilipofika 1991, lengo halikuwa limefikiwa. Je, wananchi wa vijiji vile walikuwa wazembe? Hapana. Walikuwa hawana mfuko, hawana fundi wao, wala hawana mamlaka ya kuigusa mashine ambayo haikuwa yao. Kila kitu kilimngojea mtu aliyekuwa mbali.

Ndiyo maana Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisema kwamba wananchi wa vijijini wamiliki miradi yao na kubeba gharama za uendeshaji na matengenezo. Sheria ya mwaka 2009 ikavipa vyombo vya watumiaji maji hadhi ya kisheria, na Sheria Namba 5 ya mwaka 2019 ikaunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, ulioanza kazi tarehe 1 Julai mwaka huo, ili vyombo hivi viwe na mtu wa kuvisimamia na kuvisaidia kitaalamu. Kwa hiyo leo, ndugu zangu, pampu inaponyamaza usiku, mtu wa kwanza kuulizwa ni nani? Ni wewe mjumbe uliyeketi hapa. Na swali la kwanza utakaloulizwa si kwa nini imeharibika, maana kila pampu huharibika. Utaulizwa: fedha ya kuitengeneza iko wapi?

Nianze, basi, na bei ya maji.

Katika vijiji vingi nilivyofanya kazi, bei ya ndoo ilipangwa kwa kuangalia kijiji jirani wanatoza nini, au kwa kutafuta kiasi ambacho hakitaleta kelele mkutanoni. Ni mara chache nimekuta kamati iliyokaa na kalamu ikaandika gharama ya umeme au dizeli, ujira wa fundi, ujira wa mlinzi wa chanzo, posho ya mhasibu, dawa ya klorini, koki na viungio, kisha ikaongeza ule mstari wa mwisho ambao ndio unaosahauliwa, yaani kuchakaa kwa mtambo. Pampu iliyozamishwa kisimani huanza kuzeeka siku ileile inapowashwa. Kila ndoo inayopandishwa juu imeondoa kipande kidogo cha uhai wake, na kipande hicho mnunuzi wa ndoo ile anapaswa kukilipia.

Tufanye hesabu pamoja, kwa mfano tu, na kila mmoja ataweka tarakimu za kijijini kwake. Chukueni kijiji kinachouza ndoo 1,000 za lita 20 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 hizo ni ndoo 30,000. Tuseme pampu na mota yake vitahitaji kubadilishwa baada ya miaka minane, na leo vinauzwa shilingi milioni 8. Mkiweka kando shilingi tatu katika kila ndoo, mtapata 90,000 kwa mwezi, na kwa miaka minane mtakuwa na milioni 8 na laki sita na ushee. Inatosha? Kwa bei ya leo inatosha. Lakini nani kati yenu ameona bei ya pampu ikibaki palepale kwa miaka minane? Wekeni shilingi tano. Shilingi tano kwa ndoo ni 150,000 kwa mwezi, na mwisho wa miaka minane ni milioni 14 na laki nne. Shilingi tano! Ni nani katika mkutano huu atakayesema kwamba shilingi tano katika ndoo ndiyo itakayomfukarisha? Na ni nani ambaye hajaona kijiji kizima kikifukarika kwa miezi sita kwa sababu shilingi tano hizo hazikuwekwa?

Nitawapa kisa kimoja, na kijiji chenyewe sitakitaja. Kijiji hicho kilikuwa na kamati ya watu waadilifu. Nasema waadilifu kwa makusudi, kwa sababu tunaposikia fedha ya maji imekwisha, mawazo yetu hukimbilia wizi. Hawa hawakuiba hata senti. Walikuwa na akiba nzuri benki, na wananchi waliijua. Mwaka mmoja vyoo vya shule ya msingi vilititia kwa mvua za masika, watoto wakawa hatarini, na mkutano wa kijiji ukaamua kwa sauti moja kwamba fedha ya maji iazimwe, vyoo vijengwe, na mavuno yakitoka kila kaya ichange kuirudisha. Vyoo vikajengwa, vizuri kabisa. Mavuno hayakutoka kama ilivyotarajiwa. Mwezi wa kumi, katikati ya kiangazi, mota ikaungua.

Wakati huo maji yalikuwa yakiuzwa na vijana wa bodaboda kwa bei ambayo hakuna kamati yoyote ingethubutu kuitamka mkutanoni. Wenye uwezo walinunua. Wasio na uwezo walirudi mtoni, kwenye dimbwi moja na ng'ombe. Na watoto wale wale waliojengewa vyoo wakawa wanachelewa shule kwa sababu walikuwa foleni ya maji tangu alfajiri.

Je, vyoo vya shule ni jambo baya? Ni jambo jema mno. Hapo ndipo penye hatari. Fedha ya pampu hulindwa vizuri dhidi ya mwizi, kwa kuwa mwizi tunamjua na tunamwogopa. Ni nani anayeilinda dhidi ya jambo jema? Zahanati inahitaji bati, kuna msiba wa mtu mashuhuri, kuna mgeni wa Serikali anayekuja. Kila moja lina sababu, na kila mtu anayepinga huonekana hana utu. Kwa hiyo nawasihi: akiba ya mtambo iwe na akaunti yake, mbali na akaunti ya matumizi ya kila siku. Katiba ya chombo chenu iseme wazi kwamba fedha hiyo haitatolewa kwa kazi nyingine yoyote, hata kwa jambo jema. Na mjumbe atakayesimama kukataa iazimwe, msimzomee. Huyo anazitetea ndoo za mwaka ujao.

Kuna wanaoniuliza kila mara: na asiye na uwezo je? Bibi kizee anayeishi peke yake, mgonjwa, mwenye ulemavu asiye na ndugu, hao nao watozwe? Jibu langu ni kwamba wapewe maji, na kijiji kijue kwamba maji yao yamelipiwa na nani. Orodha ya waliosamehewa ipitishwe na mkutano, ndoo zao ziandikwe katika daftari la kilula kama ndoo nyingine zote, na gharama yake iingizwe katika bei. Lisilokubalika ni msamaha wa kimyakimya, ambapo mtu anachota bure kwa kuwa ni shemeji wa mjumbe, halafu mwisho wa mwezi hesabu haikai sawa na hakuna anayejua kwa nini.

Na hilo linanipeleka kwenye daftari.

Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50. Hesabu hii inatakiwa kuwa kichwani mwa kila mjumbe, si kwa mhasibu peke yake. Ikiwa dira, yaani mita ya maji, iliyopo kwenye tenki inaonyesha kwamba mwezi huu zimetoka uniti 900, basi zimetoka ndoo 45,000. Ikiwa vilula vyote kwa pamoja vimeuza ndoo 30,000, ndoo 15,000 zimekwenda wapi? Kamati isiyo na dira kwenye tenki haiwezi hata kuliuliza swali hili. Inabaki na tuhuma tu, na tuhuma kijijini ni kitu kibaya sana.

Nimewahi kuitwa kwenye kijiji kimoja ambako mapato yalikuwa yakishuka miezi minne mfululizo. Kamati ilikuwa imeshahukumu: wahudumu wa vilula wanaiba. Akina mama wawili, mmoja wao mjane, walikuwa wameshaondolewa kazini mbele ya watu, na majina yao yakawa yanatajwa kilabuni na kisimani. Wakawekwa wahudumu wapya. Mapato yakaendelea kushuka. Nilipofika niliomba jambo moja tu, kwamba usiku vilula vyote na koki zote za taasisi zifungwe, pampu isiwashwe, na watu watatu tunaokubaliana tukasome dira ya tenki saa nne usiku, kisha tuisome tena saa kumi alfajiri. Ikiwa kila kitu kimefungwa, dira inapaswa kusimama. Ile haikusimama. Tulipofuata bomba kuu asubuhi, tukafika mahali linapokatiza korongo, na huko chini, ndani ya matete mabichi yaliyostawi wakati kila kitu kimekauka, kiungio kilikuwa kimeachia.

Mnajua uvujaji wa namna hiyo unakula kiasi gani? Uvujaji unaojaza ndoo moja kwa dakika tatu, ambao kwa macho ni kitu kidogo, hupoteza ndoo 480 kwa siku. Kwa bei ya shilingi 30 kwa ndoo, hizo ni shilingi 14,400 kila siku na 432,000 kila mwezi, na umeme wa kuyapandisha maji hayo umeshalipiwa. Kiungio kilibadilishwa siku hiyohiyo kwa fedha ndogo. Lakini mjane yule? Niliiomba kamati imrudishe kazini kwenye mkutano wa hadhara, mbele ya watu walewale. Wengine walisema yaishe kimyakimya. Mimi nasema aliyechafuliwa hadharani asafishwe hadharani, na nafurahi kwamba mwishowe ndivyo ilivyofanyika.

Kwa hiyo, ndugu wajumbe, dira na daftari ni ulinzi wa heshima za watu kabla hata hazijawa ulinzi wa fedha. Mhudumu mwaminifu anapata ushahidi wake humo. Mtunza hazina mwaminifu anapata ushahidi wake humo. Someni dira ya tenki siku moja maalumu kila mwezi, mbele ya watu wawili wasio wa familia moja. Fanyeni kipimo cha usiku angalau kila baada ya miezi mitatu. Mapato na matumizi yabandikwe pale watu wanapochota maji, kwa maandishi makubwa, siyo ofisini kwa mtendaji ambako mama mwenye ndoo kichwani hafiki. Najua vijiji kadhaa sasa vina dira za malipo ya kabla, na wengine mnalipa kwa simu kwa kutumia namba ya kumbukumbu ya malipo, fedha ikaingia moja kwa moja benki. Ni hatua nzuri, na inaondoa fedha taslimu mikononi mwa watu. Lakini dira ya kilula haiwezi kukuambia habari za kiungio kilichoachia korongoni. Kipimo cha usiku bado ni chenu.

Nizungumze kidogo kuhusu mikutano yenyewe. Anayechota maji katika nyumba zetu nyingi ni mama na binti yake. Anayejua kwamba kilula cha mwisho kinatoa maji kwa saa moja tu ni yeye. Sasa mkutano wa maji unaoitishwa saa nne asubuhi, wakati wa palizi, utahudhuriwa na nani? Niliwahi kuona kamati moja ikihamisha mkutano wake hadi alasiri ya siku ya gulio, kando ya soko, na maswali yaliyoulizwa siku hiyo yalikuwa makali kuliko ya mwaka mzima. Na fundi wenu mlipeni. Kijana anayefungua valvu kwa kujitolea ataondoka siku atakayopata kibarua mjini, na ataondoka na ramani yote ya mabomba kichwani mwake.

Suala la ubora wa maji nitalieleza kwa ufupi, ingawa uzito wake si mdogo. Maji yanayosambazwa kwa bomba yawekwe klorini, yakae na dawa hiyo dakika 30 kabla ya kutumika, na yanapofika kwenye koki ya mwisho yabaki na kiasi cha miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Pimeni kwenye koki ya mwisho, si kwenye tenki. Watu wakilalamikia harufu, mfundisheni fundi apunguze hadi kipimo kinachotakiwa, asiache kabisa, hasa masika yanapoanza na kipindupindu kinapotajwa. Na ninyi mnaotoka maeneo yanayozunguka Mlima Meru, na ndugu zetu wa Singida na Manyara, mnajua kuhusu floridi. Maji yake huwa safi machoni na matamu mdomoni, huku meno ya watoto yakipata madoa ya kahawia na mifupa ikiharibika. Klorini haiiondoi. Kuchemsha hakuiondoi, bali huizidisha, maana maji hupungua kwa mvuke na floridi hubaki. Dawa yake ni kupima chanzo kabla ya kutumia fedha ya wananchi, na floridi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kutafuta chanzo kingine, kuyachanganya na maji ya chanzo chenye floridi kidogo, au kuyachuja, kwa mfano kwa mkaa wa mifupa.

La mwisho ni chanzo chenyewe. Sheria inakataza shughuli za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Sheria ni nzuri, lakini mita 60 hizo mara nyingi zina mwenyewe: mtu aliyerithi migomba ile kwa babu yake, kabla ya banio letu la kukinga maji kujengwa. Katika mradi mmoja wa maji ya mserereko, yaani yanayoteremka yenyewe bila pampu, huko milimani, kamati ya kwanza ilimwendea mzee mwenye shamba na mgambo. Akatii mchana, na usiku mipaka ikang'olewa. Kamati iliyofuata ilikwenda na wazee wa ukoo wake. Wakakubaliana kwamba alipwe fidia ya migomba yake, bomba la kwanza lipite nyumbani kwake, na mwanawe awe mlinzi wa chanzo kwa ujira wa kila mwezi. Mikaratusi iliyokuwa karibu na chemchemi ikaondolewa, ikapandwa mikuyu na misesewe. Mlinzi aliyezaliwa hapo hahitaji kuamshwa mtu anapoingiza ng'ombe. Na ujira wake, mnakumbuka nilisema unatoka wapi? Umo katika bei ya ndoo.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kila chombo kilichowakilishwa hapa kirudi nyumbani na kazi tatu kabla ya mkutano mkuu wake ujao: kifanye kipimo cha usiku na kuandika matokeo, kiandike gharama zake zote pamoja na mstari wa kuchakaa kwa mtambo, na kifungue akaunti ya akiba ya mtambo kama bado hakina. Chombo kisicho na dira kwenye tenki kiseme leo, kabla hatujatawanyika, ili jina lake lifikishwe kwa Meneja wa RUWASA wa Wilaya pamoja na maazimio ya mkutano huu. Karatasi za kujazia masomo ya dira nimezikabidhi kwa katibu. Kila kijiji kichukue nakala mbili, moja ya fundi na moja ya kubandika kwenye kilula.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.